Kifaransa Unacho, Lakini Namba ya Mwalimu Je?

Hebu nikuulize, msomaji mpendwa. Ikiwa Kifaransa unakijua barabara, unakizungumza na kukiandika, na una shahada ya chuo kikuu mkononi, je, wewe ni mwalimu wa Kifaransa? Usikimbilie kujibu. Mpwa wangu alijibu "ndiyo" kwa miaka minne, na jibu hilo nusura limponze.

Anaishi Dagoretti Corner, pale Ngong Road inapokutana na Naivasha Road. Kama unapafahamu, basi unawajua wale mafundi wa viti na vitanda walioko kando ya barabara, wanaopiga randa na misumari tangu alfajiri. Chumba chake kiko nyuma ya mafundi hao na hana haja ya saa ya kumwamsha. Kila asubuhi alikuwa akishuka kwa miguu hadi shule moja ya kibinafsi upande wa Kawangware kufundisha Kifaransa. Watoto walimwita "Madame", na wazazi walifurahi kusikia mtoto wa darasa la tano akiwasalimia kwa lugha ambayo wao wenyewe hawakuielewa.

Kisha siku moja mwalimu mkuu akamwita ofisini. Faili za walimu zilikuwa zinatarajiwa kukaguliwa, naye aliombwa namba yake ya TSC. Hakuwa nayo. Alikuwa na B.A. na cheti cha DELF cha kiwango cha B2, vyote halali kabisa, lakini namba hakuwa nayo. Akaambiwa apumzike nyumbani hadi atakapoipata.

"Mjomba," aliniambia jioni hiyo, "sijafutwa kazi, lakini sina kazi."

Usiharakishe kumlaumu mwalimu mkuu, msomaji. Sheria ya mwaka wa 2012 kuhusu Tume ya Kuwaajiri Walimu, yaani hiyo TSC, inasema wazi kwamba mtu hatajiingiza katika kazi ya ualimu kabla ya kusajiliwa. Wengi hudhani sheria hiyo ni ya shule za serikali peke yake. La hasha. Jina la tume ndilo huwapotosha watu. Wao husikia "kuwaajiri" wakafikiri kwamba asiyelipwa mshahara na tume haihusu.

Basi binti akafanya kile ambacho pengine nawe ungekifanya. Alikuwa amebakisha miezi miwili zamu yake ya chama ifike, na pesa zile alizipangia kazi: kujiandikisha kusomea shahada ya uzamili katika Kifaransa. Fikira yake ilikuwa kwamba ikiwa digrii moja haikutosha, digrii mbili zitatosha. Alikuwa tayari amekwisha jaza fomu.

Hapa ndipo wengi hupotelea. M.A. ya Kifaransa itakufanya msomi wa Kifaransa. Itakufungulia mlango wa kufundisha chuo kikuu siku moja, au wa kazi ya utafiti na tafsiri. Namba ya mwalimu wa shule haitakupa. Unaweza kuwa na uzamili wa fasihi ya Senegal na ya Ufaransa, ukawa bado huruhusiwi kusimama mbele ya kidato cha kwanza, huku kijana aliyesomea B.Ed. akikupita mlangoni na chaki yake.

Kwa aliyehitimu B.A., njia ni ile diploma ya elimu inayosomwa baada ya digrii, ambayo watu huiita PGDE. Kwa kawaida huchukua mwaka mmoja wa masomo. Hutolewa na Chuo Kikuu cha Nairobi katika bewa lake la Kikuyu, hutolewa Kenyatta kule Thika Road, na Chuo Kikuu cha Kikatoliki kule Lang'ata nacho kinayo, bila kuvitaja vyuo vya mikoani. 

Jambo la kuchekesha ni kwamba mtu wa Dagoretti Corner ana chuo cha walimu pale pale Ngong Road, akipita kila siku mbele ya lango lake. Kenya Science ilianzishwa miaka ya 60 kwa msaada wa serikali ya Sweden, na tangu 2007 ni bewa la Chuo Kikuu cha Nairobi. Lakini kilijengwa ili kuipatia nchi walimu wa sayansi na hisabati. Mpwa wangu alikwenda kuuliza langoni, na bawabu, mzee mwenye adabu, akamwonyesha upande wa matatu za kwenda Kikuyu.

Sasa sikiliza kwa makini, hasa kama una mtoto aliye chuoni akisomea lugha. Mwalimu wa shule ya upili nchini Kenya hasajiliwi kwa somo moja. Anahitaji masomo mawili yanayofundishwa shuleni. Katika mtihani wa kidato cha nne, KCSE, kipimo ni C+ ya jumla, na C+ katika kila mojawapo ya masomo hayo mawili. Tena ni lazima masomo yote mawili uwe umeyasoma chuoni kwa vitengo vya kutosha, kwani karatasi ya matokeo yako ya miaka yote itapekuliwa mstari kwa mstari.

Ndipo nilipoona jinsi binti huyu alivyoponea chupuchupu. Alipokuwa mwaka wa pili, yeye na rafiki yake walitaka kuacha Kiswahili na kuchukua uhusiano wa kimataifa. Kifaransa na uhusiano wa kimataifa! Waliona mbele yao balozi, ndege na mikutano ya Addis Ababa. Rafiki akabadilisha. Mpwa wangu hakubadilisha, na wala si kwa hekima. Mama yake alikataa katakata na kusema kwamba hakumlipia karo ili aje kuidharau lugha ya kwao. Kulikuwa na machozi nyumbani kwa dada yangu, naomba nikiri, na mimi nilikuwa upande wa binti.

Leo uhusiano wa kimataifa haufundishwi katika shule yoyote ya upili ya Kenya. Yule rafiki ana Kifaransa kizuri kuliko cha mpwa wangu, lakini somo la pili hana. Ikiwa anataka namba, itambidi arudi kujaza pengo la vitengo vya somo la pili au aanze B.Ed. Kwa sasa hutafsiri nyaraka za mashirika na kuwafundisha watu majumbani.

Na huo mwaka wa PGDE wenyewe, unasoma nini? Nilidhani ni mambo ya kupitisha wakati tu. Kuna saikolojia ya mtoto, kuna historia na falsafa ya elimu, kuna mitaala na namna ya kutunga mtihani. Hayo yasome, yatakusaidia. Utamu uko kwenye mbinu za kufundisha somo lako.

Chukua mfano wa sauti. Kiswahili kina irabu tano, Kifaransa kina nyingi zaidi. Mtoto wa Kawangware akikutana na neno "tu", lenye maana ya "wewe", atalisoma kama "tu" la Kiswahili, na hapo anakuwa amesema "tout", yaani "yote". Mpwa wangu kwa miaka minne alikuwa akisahihisha kwa kurudia neno kwa sauti kubwa zaidi. Chuoni alifundishwa jambo dogo: mwambie mtoto aseme "i", asiusogeze ulimi, kisha akusanye midomo kama anayetaka kupiga mluzi. Sauti inatoka yenyewe. Alinionyesha mezani kwangu na hata mimi, na meno yangu haya, niliipata mara ya pili.

Au chukua ule uume na uke wa nomino, ambao ndio huwatoa jasho wanafunzi wa Kifaransa, na katika Kijerumani ziko jinsia tatu. Mwingereza huona ni mzigo. Lakini mtoto anayesema "kisu kidogo, visu vidogo, mti mdogo" bila kufikiri, amekwisha kuzoea kwamba kivumishi hufuata nomino yake. Mwalimu aliyesomea kazi huanzia hapo kwenye ngeli, kwa kile ambacho mtoto anacho tayari. Huyo ndiye mwalimu unayemlipia karo, msomaji, na sidhani kama cheti cha lugha peke yake humwonyesha mtu njia hiyo.

Baadaye huja mazoezi ya kufundisha, muhula mzima katika shule halisi. Utaandika maazimio ya kazi, utaandika andalio la kila somo, utaweka rekodi ya kazi. Mhadhiri atakuja bila kupiga hodi, atakaa dawati la nyuma akiwa na fomu yake, na kila kijana darasani atajua kwamba aliye hatarini ni wewe. Tena lazima ufundishe masomo yote mawili. Binti alikuwa stadi katika Kifaransa, akatetemeka katika Kiswahili. Siku ya kwanza ya kukaguliwa aliulizwa na mwanafunzi tofauti ya "kwa sababu ya" na "kwa ajili ya", akababaika kama mgeni. Usiku huo taa ya chumba chake haikuzimwa.

Ukimaliza, usidhani namba inakuja kwa posta. Maombi hufanywa kwa intaneti siku hizi, ingawa ofisi kuu za tume ziko Upper Hill, si mbali kwa anayeshuka na Ngong Road. Tayarisha vyeti vyako vyote pamoja na karatasi za matokeo, kitambulisho, PIN ya kodi, picha, cheti cha polisi cha maadili mema, na ile fomu ya daktari ya GP 69. Hakikisha majina yanafanana kila mahali. Aliyeolewa na kubadilisha jina, ashughulikie jambo hilo mapema, kwani herufi moja inaweza kukurudisha nyuma kwa wiki nyingi.

Utaniuliza, je, kazi zenyewe zipo? Nitakueleza nijuavyo. Kusajiliwa si kuajiriwa. Hayo ni mambo mawili. Shule za umma zinazofundisha lugha za kigeni si nyingi, na kwa muda mrefu zilizotahini Kifaransa, Kijerumani au Kiarabu zilikuwa ni zile zenye uwezo. Lakini mambo yanasogea. Mnamo Januari 2026 kundi la kwanza la Gredi ya 10 liliingia sekondari ya juu chini ya mtaala mpya, na humo lugha za kigeni, Kichina pia kikiwemo, ni miongoni mwa masomo ambayo mwanafunzi anaweza kuchagua. Kichina hakikuja jana: taasisi ya Confucius katika Chuo Kikuu cha Nairobi ilianzishwa 2005, ya kwanza barani Afrika.

Kijerumani nacho kimeshika kasi. Tarehe 13 Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini huko Berlin mkataba wa wafanyakazi, na tangu hapo kila mtaa una bango la chuo kinachoahidi kumfikisha muuguzi kiwango cha B2. Nimeona vijana wenye B1 wakiwafundisha wenye A2. Sipendi kuharibia mtu riziki yake, lakini kabla ya kulipa, muulize mwalimu alisomea wapi kufundisha, si alisomea wapi lugha. Taasisi ya Goethe yenyewe ina mafunzo maalumu ya walimu wa Kijerumani, yanayoitwa DLL, na yeyote anayetaka kufundisha watu wazima vyuoni angefanya vyema kuyatazama. Hayo yanafaa sana kwa vituo vya lugha. Kwa shule, namba ni namba.

Hebu niongeze hili, ingawa si la kila mtu. Ukivuka bahari, lugha ya kigeni ni Kiswahili chetu. Kwa miaka mingi mpango wa Fulbright umekuwa ukiwachukua walimu vijana wa Kenya na Tanzania kwenda vyuo vya Marekani kufundisha Kiswahili kwa mwaka mmoja wa masomo. Mpwa wangu aliposikia hivyo alinitazama, kisha akamtazama mama yake, na hakuna aliyesema neno.

Namba yake ilitoka mwaka uliopita. Shule ile ya Kawangware ilikuwa imekwisha pata mtu mwingine, naye hakusubiri. Alipata nafasi katika shule nyingine ya kibinafsi, barabara iyo hiyo ya Ngong Road, vituo vichache tu kwa matatu ya 111. Jumapili iliyopita alikuja kula chakula cha mchana akiwa na rundo la madaftari ya kusahihisha. Nikachungulia ratiba yake. Ana vipindi 20 vya Kiswahili kwa wiki, na 6 vya Kifaransa.