Nini Humsukuma Mchoraji Kuchora?

Mtu akiulizwa kwa nini mchoraji huchora, au mchongaji huchonga, aghalabu hujibu kwa neno moja: kipaji. Wengine husema ni ilhamu, na wapo wanaoamini kwamba ni mzimu wa ukoo umeushika mkono wa msanii. Majibu hayo yana heshima yake, lakini hayamsaidii mwalimu mwenye wanafunzi 40 darasani, ambaye angependa kujua kwa nini mtoto aliyekuwa akijaza daftari zima kwa michoro alipokuwa darasa la tatu hagusi tena penseli ya rangi afikapo kidato cha pili. Sayansi haiwezi kuipima ilhamu kwa mizani. Hata hivyo, inaweza kuchunguza mambo mawili yanayoonekana kwa macho: kitu gani humfanya mtu aanze kazi ya sanaa, na kitu gani humfanya aendelee nayo pasipo mtu wa kumwamuru.

Mfano ulio karibu ni wa Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 katika wilaya ya Tunduru, kusini mwa Tanzania. Alifanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga, kisha akahamia Dar es Salaam, ambako alijipatia riziki kwa vibarua na utumishi wa nyumbani. Hakusomea uchoraji popote. Mnamo mwaka 1968, akiwa mtu mzima wa miaka 36 hivi, alianza kuchora picha za wanyama, ndege na watu, na kuziuza Oysterbay penye maduka ya Morogoro Stores, ambako wageni wengi walikuwa wakinunua mahitaji yao. Alifariki mwaka 1972. Kwa hiyo mtindo unaojulikana leo duniani kwa jina lake ulianzishwa na mtu aliyechora kwa miaka ipatayo minne tu.

Msukumo wa kwanza hapa haufichiki: ni riziki, wala hakuna sababu ya kuuonea haya. Hata vifaa vyake vilichaguliwa na mfuko. Badala ya turubai na rangi ghali za wasanii, alitumia ubao wa nyuzi za mti zilizoshindiliwa pamoja, aina ile inayotumiwa kwa dari za nyumba, na rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli. Ubao wa futi 4 kwa 8 hutoa vipande 8 vya futi 2 kwa 2 pasipo kubaki chochote cha kutupa. Rangi nayo ina tabia yake. Haikauki kama nguo iliyoanikwa, ambayo hutoa maji basi. Kwanza kiyeyushi chake huvukia hewani. Kisha mafuta yaliyomo huungana na oksijeni, na molekuli zake hushikana hata zikawa utando mmoja mgumu unaong'aa. Kabla utando huo haujakomaa, rangi ya pili ikipakwa juu yake huchanganyika na ya kwanza na kuharibu kazi. Mchoraji hana budi kungoja. Hivyo hupaka kwanza eneo zima la nyuma kwa rangi moja, akangoja. Halafu umbo la mnyama, akangoja. Mwisho madoadoa, manyoya na jicho. Rangi angavu zisizofifia polepole kutoka moja hadi nyingine, ambazo wengi hudhani ni falsafa ya mtindo huo, kwa sehemu kubwa ni matokeo ya kemia ya rangi ya baiskeli.

Swali gumu linakuja baadaye. Baada ya kifo chake, jamaa na wanafunzi wake waliendelea na kazi, na mwaka 1990 wachoraji wa mtindo huo wakaunda chama cha ushirika. Miongoni mwa waliofuata njia hiyo wapo waliobuni picha za mitaa, hospitali, harusi na mashetani ambazo hakuna aliyezitazamia. Wapo pia waliochora tembo yuleyule, mbele ya mlima uleule, mara mamia, kwa kuwa tembo wa juma lililopita alinunuliwa. Wote wanahitaji chakula na kodi ya nyumba. Mbona basi fedha iliyouamsha mkono mmoja huulaza mwingine?

Wataalamu wa saikolojia wamelikaribia swali hilo kwa njia ambayo mwalimu yeyote anaweza kuifuata. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walitangaza matokeo ya jaribio walilolifanya katika shule ya watoto wadogo ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Waliwachagua watoto 51 ambao tayari walikuwa wameonekana wakipenda kuchora kwa kalamu nene za wino wa rangi wakati wa michezo ya hiari. Watoto hao waligawanywa katika makundi matatu. Wa kundi la kwanza waliahidiwa kwamba wakichora watapata cheti chenye nyota ya dhahabu na utepe mwekundu, na baada ya kuchora wakapewa. Wa kundi la pili hawakuahidiwa lolote, lakini walipomaliza wakapewa cheti hichohicho ghafla. Wa kundi la tatu hawakuahidiwa wala hawakupewa.

Juma moja au mawili baadaye kalamu ziliwekwa tena darasani miongoni mwa vitu vingine vya kuchezea, na watazamaji waliojificha nyuma ya kioo wakaandika nani anazigusa na kwa muda gani. Watoto wasiopewa cheti walitumia takriban asilimia 17 ya wakati wao wa hiari kuchora. Waliopewa cheti bila kutarajia walitumia asilimia 18. Lakini wale walioahidiwa cheti na kukipata walitumia asilimia 9 tu, yaani karibu nusu ya wenzao. Zaidi ya hayo, siku ya jaribio lenyewe watoto wa kundi la ahadi walichora picha nyingi zaidi, ila waamuzi wasiojua picha ipi ni ya nani waliona kwamba zao zilikuwa duni kwa ubora.

Maelezo yanayotolewa na wataalamu ni haya. Mtoto anayechora kwa kupenda hana haja ya kujiuliza sababu. Anapoahidiwa malipo, kazi ile hupata sababu ya pili iliyo dhahiri kuliko ya kwanza, na akili huanza kuihesabu kuwa kibarua. Malipo yakiondoka, sababu ya kuchora huondoka nayo. Cheti chenyewe hakina sumu, kwani wale waliokipata ghafla hawakudhurika. Kilichodhuru ni kuchora kwa ajili ya cheti. Tena matokeo haya yanawahusu watoto waliokwisha kuipenda kazi. Kwa asiyeipenda kabisa, zawadi ndogo huenda ikamsogeza karibu na karatasi kwa mara ya kwanza, kama vile riziki ilivyomsogeza Tingatinga karibu na ubao. Walimu wanaotoa alama kwa kila mchoro, hata ule ambao mwanafunzi ameuchora pembeni mwa daftari kwa furaha yake, wanalo jambo la kutafakari hapa.

Je, hali ni hiyohiyo kwa watu wazima waliobobea? Katika miaka ya 1990 Teresa Amabile na wenzake waliwaomba wasanii 23 wa Marekani watoe kazi zao za namna mbili, baadhi zilizoagizwa na wateja na baadhi walizozifanya kwa hiari. Waamuzi, ambao nao walikuwa wasanii, hawakuelezwa ipi ni ipi. Kwa ufundi wa mkono hawakuona tofauti. Kwa ubunifu, kazi za kuagizwa zilishika nafasi ya chini, hasa pale msanii alipoona kwamba mteja amembana kwa masharti. Tatizo basi huenda si bei yenyewe. Ni mteja anayejua tembo anayemtaka, na mlima, na upande jua linapochwea.

Upo uchunguzi mwingine uliotazama hatua ya mapema zaidi, kabla kalamu haijagusa karatasi. Katika miaka ya 1960 Jacob Getzels na Mihaly Csikszentmihalyi waliwaita wanafunzi 31 wa chuo cha sanaa mjini Chicago, mmoja mmoja, katika chumba chenye meza mbili. Juu ya meza ya kwanza walikuwa wamepanga vitu 27 vya kila namna. Mwanafunzi aliombwa achague vitu apendavyo, avipange kwenye meza ya pili, kisha avichore. Wengine walichukua vitu vichache upesi na kuanza kuchora, wakatumia muda wao wote kuikamilisha picha. Wengine waliokota kitu kimoja baada ya kingine, wakakigeuza, wakakipapasa, wakakirudisha, na hata baada ya kuanza kuchora walibadili mpangilio. Picha za hawa wa pili ndizo zilizohukumiwa na wataalamu kuwa na upya mkubwa zaidi. Watafiti walipowafuatilia wanafunzi hao miaka kadhaa baadaye, wengi walikuwa wameiacha sanaa. Miongoni mwa waliofanikiwa katika sanaa, wale waliokuwa wakitafuta kwa muda mrefu ndio waliotangulia. Kwa msanii wa aina hiyo swali halimngoji mezani; yeye mwenyewe hulitafuta, na kutafuta huko ndiko kunakomvuta kurudi kesho.

Wachongaji wa Kimakonde wangelielewa jambo hilo bila kwenda Chicago. Mpingo, ambao wataalamu wa mimea huuita Dalbergia melanoxylon, ni mti unaokua polepole sana, ukihitaji miaka 70 au zaidi kufikia unene wa kuvunwa. Kiini chake cheusi ni kizito hata huzama majini, na gogo lake aghalabu limepinda, lina mafundo na mashimo. Fundi hawezi kulilazimisha umbo alilokuja nalo kutoka nyumbani. Hulizungusha kwanza, akitafuta kilichomo. Simulizi iliyoenea kuhusu Samaki Likankoa, mchongaji aliyefanya kazi Dar es Salaam katika miaka ya 1950, hueleza kwamba kinyago chake cha mtu kilivunjika sehemu, naye badala ya kukitupa akaona katika kile kilichobaki umbo la shetani. Mfanyabiashara Mohamed Peera alikipenda akakinunua, na hivyo ukazaliwa mtindo wa vinyago vya mashetani. Fedha ilikuwapo hapa pia, lakini ilikuja baada ya ugunduzi, kama cheti cha watoto wa kundi la pili.

Uwezo wa kuona sura ndani ya gogo lililovunjika si miujiza. Ubongo wa mwanadamu una sehemu iliyo chepesi mno kutambua nyuso, hata mahali pasipo na uso, ndiyo maana watu huona macho na mdomo katika mawingu au ukuta wenye madoa. Leonardo da Vinci aliwashauri wachoraji wa Italia wazitazame kuta za namna hiyo wapate mawazo. Kila mtu huona. Msanii hukaa na kile alichokiona mpaka kitoke.

Shule isiyo na maabara inaweza kulirudia jaribio la Chicago kwa gharama ndogo. Vitu 20 vinatosha: kifuu, kufuli, kandambili, jiwe, unyoya, mwiko, betri iliyokwisha, na vinginevyo. Wanafunzi waingie mmoja mmoja. Mwanafunzi mwenzao mwenye saa aandike idadi ya vitu vilivyoguswa, na dakika zilizopita kabla ya mstari wa kwanza kuchorwa. Michoro isiandikwe majina bali namba, ipelekwe kwa walimu watatu wa masomo mengine, nao waipange kwa upya wake bila kushauriana. Hapo ndipo namba za saa zilinganishwe na mpangilio wa walimu. Alama zisitolewe, wala wachoraji wasiahidiwe zawadi yoyote.