Viteuzi vya Ujenzi katika Kiigizi cha Lisp

Utangulizi

Programu ya kompyuta, kama ilivyo kazi yoyote ya kitaaluma, huhitaji kuhifadhiwa ili vizazi vijavyo viweze kuisoma na kuihakiki. Lakini programu haisomwi kwa macho peke yake. Huhitaji mashine ya kuitekeleza, na mashine iliyoandikiwa ikitoweka, programu hubaki kuwa safu ya namba zisizo na maana. Makala haya yanakusudia kueleza njia mojawapo ya kuzuia hasara hiyo, nayo ni kujenga kiigizi: programu mpya inayoiga tabia ya mashine ya zamani juu ya mashine ya sasa. Tutajikita katika hatua moja ya ujenzi huo, ambayo ni uchaguzi wa maagizo yanayoamuliwa kabla programu haijatafsiriwa kuwa lugha ya mashine. Maagizo hayo tutayaita viteuzi (umoja: kiteuzi), kutokana na kitenzi kuteua.

1. Interlisp na mashine yake

Lugha ya Lisp ilibuniwa na John McCarthy kuanzia 1958. Mojawapo ya lahaja zake, Interlisp, ilikuzwa katika miaka ya 1970 katika kituo cha utafiti cha Xerox huko Palo Alto, Marekani. Mnamo 1976 J Strother Moore alitoa maelezo kamili ya mashine dhahania ya Interlisp, yaani mashine isiyo ya chuma bali ya kanuni: ina maagizo gani, na kila agizo linafanya nini. Katika miaka ya 1980 kampuni ya Xerox iliuza kompyuta maalumu, kama Dolphin, Dorado na Dandelion, zilizotekeleza maagizo ya Interlisp moja kwa moja.

Kompyuta hizo zilikuwa ghali, na hazikudumu sokoni. Ndipo kikaandikwa kiigizi kiitwacho Maiko, kwa lugha ya C, kwanza kwa ajili ya kompyuta za kampuni ya Sun. Mfumo mzima wa Interlisp unaoendeshwa juu yake huitwa Medley. Tangu 2020 kikundi cha wataalamu, baadhi yao wakiwa miongoni mwa waanzilishi wa mfumo huo, kimekuwa kikiufufua ili utumike kwenye kompyuta za kawaida.

Jambo la pekee katika Interlisp ni kwamba kazi ya mtumiaji haihifadhiwi tu katika mafaili ya maandishi. Kumbukumbu yote ya mashine, pamoja na programu, data na madirisha yaliyofunguliwa, hunakiliwa katika faili moja. Faili hiyo tutaiita taswira. Kazi kuu ya kiigizi ni kuisoma taswira na kuiendeleza pale ilipoachwa.

2. Kiteuzi ni nini?

Msimbo wa C hupitia hatua mbili. Kwanza, kichakataji cha awali huupitia na kuamua ni sehemu zipi zibaki na zipi ziondolewe. Pili, kompaila huzitafsiri zile zilizobaki. Kiteuzi ni jina linalotajwa katika amri ya ujenzi, nalo humwongoza kichakataji huyo. Jina likitajwa, sehemu fulani huingia. Lisipotajwa, huachwa au nafasi yake huchukuliwa na nyingine.

Sehemu iliyoachwa haiachi alama yoyote katika programu iliyojengwa. Kwa sababu hiyo kiteuzi ni tofauti na chaguo ambalo mtumiaji hulifanya programu inapoendeshwa. Kiigizi hutekeleza mamilioni ya maagizo kwa sekunde. Kama kingelazimika kuuliza katika kila agizo kiko juu ya mashine ya aina gani, kingepunguza kasi bila sababu. Swali hilo hujibiwa mara moja tu, wakati wa ujenzi.

Viteuzi vya Maiko vinaweza kugawanywa katika makundi mawili: vinavyohusu mashine ya sasa, na vinavyohusu taswira yenyewe.

3. Viteuzi vinavyohusu mashine

Mfano ulio wazi zaidi ni kiteuzi BYTESWAP, kinachohusu mpangilio wa baiti. Namba 1,000 haitoshi katika baiti moja, kwa hiyo huandikwa katika baiti mbili: 3 na 232, maana 3 mara 256 ni 768, na ukijumlisha 232 unapata 1,000. Mashine za Xerox na kompyuta za kwanza za Sun ziliweka baiti kubwa kwanza. Prosesa za jamii ya Intel huweka ndogo kwanza. Mashine ya namna hii ikizisoma baiti 3 na 232 kwa desturi yake, itapata 232 mara 256 na kuongeza 3, yaani 59,395.

Kiigizi hutatua tatizo hili hivi. Taswira inapoingizwa, kila kundi la baiti nne hugeuzwa nyuma mbele: A B C D huwa D C B A. Sasa mashine ikisoma baiti zote nne kwa pamoja hupata thamani sahihi. Hata hivyo, Interlisp husoma pia baiti mbili mbili na moja moja, na hizo zimehama mahali. Baiti A iliyokuwa nafasi ya 0 sasa iko nafasi ya 3. B iliyokuwa ya 1 iko ya 2. Kwa hiyo, kiteuzi kikiwapo, kila usomaji wa baiti moja hugeuza biti mbili za mwisho za anwani, na kila usomaji wa baiti mbili hugeuza biti ya pili kutoka mwisho. Kiteuzi kisipokuwapo, hesabu hiyo haifanyiki kabisa.

Katika kundi hili vimo pia viteuzi vya skrini. XWINDOW huunganisha kiigizi na mfumo wa madirisha wa X, na SDL hukiunganisha na maktaba ya michoro yenye jina hilo. Viteuzi vya kundi hili vinaweza kubadilishwa bila kuigusa taswira: taswira ileile itafunguka kwenye mashine tofauti, mradi kila kiigizi kimejengwa kulingana na mashine yake.

4. Viteuzi vinavyohusu taswira

Kundi la pili ni la hatari zaidi. Kiteuzi RELEASE hupewa namba ya toleo la Medley, kwa mfano 351, na namba hiyo huwasha viteuzi vingine kama BIGATOMS na BIGVM.

Katika Lisp kila jina hupewa namba yake. Katika matoleo ya zamani namba hiyo iliwekwa katika biti 16, hivyo majina hayakuweza kuzidi 65,536. BIGATOMS iliondoa kikomo hicho, lakini maagizo yanayotaja majina yakalazimika kuwa marefu zaidi. Kiigizi kilichojengwa bila kiteuzi hicho kikipewa taswira mpya, kitasoma sehemu tu ya namba ya jina, na kuichukulia baiti inayofuata kuwa agizo jipya.

BIGVM inagusa hata seli ya orodha, ambayo ndiyo tofali la Lisp. Seli hiyo ina biti 32. Zamani biti 24 zilibeba anwani na 8 zilieleza mwendelezo wa orodha. Katika mpango mpya anwani ina biti 28 na mwendelezo 4. Anwani zinazowezekana ziliongezeka kutoka 16,777,216 hadi 268,435,456. Biti ni zilezile 32, lakini mipaka ya kuzisoma imehamishwa.

Wanaosoma miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu wanaifahamu hali inayofanana na hii. Katika miswada mingi ya zamani herufi moja ilisimama badala ya sauti b na p, na irabu e na i hazikutofautishwa. Asiyeijua desturi ya mwandishi huona herufi zote na bado hukosea neno. Kwa bahati njema taswira ya Medley hubeba namba za toleo lake, na kiigizi huzilinganisha na zake kabla ya kuanza. Zikipishana isivyofaa, hukataa kuendelea.

5. Umuhimu wake kwa taaluma ya lugha

Ronald Kaplan, mmoja wa watu sita waliotunukiwa tuzo ya ACM ya 1992 kwa ajili ya Interlisp, ndiye aliyeasisi pamoja na Joan Bresnan nadharia ya sarufi ijulikanayo kwa kifupi kama LFG. Nadharia hiyo ina nafasi katika isimu ya Kibantu: mnamo 1987 Bresnan na Sam Mchombo waliitumia kuchambua viambishi vya mtenda na mtendwa katika Kichewa, suala linalokigusa pia Kiswahili katika miundo kama "nimekisoma kitabu". Kaplan na John Maxwell waliunda karakana ya kuandikia sarufi za LFG na kuzijaribu kwa kompyuta, nayo iliandikwa kwa Interlisp. Bila kiigizi kilichojengwa kwa viteuzi sahihi, leo tungeweza kusoma makala zilizoielezea karakana hiyo, lakini tusingeweza kuitumia.

Hitimisho

Tumeonyesha kwamba viteuzi vya mashine hueleza mahali programu inapoendeshwa, na viteuzi vya taswira hueleza namna data yake inavyosomwa. Vya kwanza vinaweza kugunduliwa upya na yeyote mwenye mashine mkononi. Vya pili ni sehemu ya data, na vikipotea data hupotea navyo. Idara zetu zinapohifadhi kamusi, kopasi au rekodi za masimulizi kwa njia ya kompyuta, yafaa ziandike kando ya kila faili toleo la programu iliyoitunga, mpangilio wa herufi uliotumika na maagizo ya ujenzi yaliyochaguliwa. Ukurasa mmoja wa maelezo hayo unatosha, mradi uandikwe wakati mtungaji angali yupo wa kuulizwa.