Kesadiya na Salsa Mbichi ya Kijani

Miongoni mwa vyakula vya Meksiko vilivyo vyepesi kutengenezwa nyumbani, na ambavyo ilimu iliyomo ndani yake ni kubwa kuliko umbo lake linavyodhihirisha, ni kesadiya, yaani mkate mwembamba wa mahindi unaokunjwa juu ya jibini, ukapashwa katika kikaango kikavu, ukaliwa ungali moto kwa kuchovywa katika salsa ya kijani.

Asili ya mahindi ni kusini mwa Meksiko, ambako wenyeji wa bonde la mto Balsas walianza kuyalima yapata miaka 9,000 iliyopita. Na wahenga wa nchi hiyo wakatambua kwamba punje zikichemshwa katika maji ya chokaa, ya jinsi ile itiwayo katika tambuu, zikalazwa humo usiku kucha, kisha zikaoshwa na kusagwa, hutoa kinyunga laini kinachoshikamana. Fauka ya hayo, chokaa huifungua vitamini iitwayo niasini, ambayo katika mahindi matupu imefungika hata mwili hauipati. Wahispania, walioutwaa mji mkuu wa Tenochtitlan huko Meksiko katika mwaka 1521, walileta ng'ombe na jibini, wakavusha mbegu ya mahindi hadi Ulaya, walakini ilimu ya chokaa wakaiacha nyuma. Na mafukara waliotegemea mahindi peke yake wakapatwa na pelagra, maradhi ya kubabuka ngozi, kuharisha na kuvurugika akili, ambayo tabibu Gaspar Casal aliyaeleza huko Hispania mwaka 1735.

Basi apikaye na achukue vikombe 2 vya unga wa mahindi uliokwisha kutiwa chokaa, aukande kwa kikombe kimoja na nusu cha maji ya vuguvugu na chumvi kidogo, aufunike kwa nusu saa. Kisha afanye madonge ya kiasi cha ndimu, ayabane moja moja baina ya karatasi mbili za nailoni kwa sahani nzito, aoke kila upande kwa dakika moja hivi. Ndipo atie jibini jepesi kuyeyuka, akunje, na kugeuza mpaka liyeyuke.

Salsa hutengenezwa kwa tomatilo, tunda chachu la kijani lililovikwa ganda kama karatasi. Nusu kilo yake humenywa na kuoshwa utomvu unaonata, ikatwangwa pamoja na pilipili mbichi 2, nusu ya kitunguu, konzi ya kotmiri na chumvi, kama tufanyavyo chatini. Haipikwi, maana moto huipunguzia ule uchachu mkali na rangi yake. Kwa hiyo yafaa itengenezwe mwisho, na iliwe siku hiyo hiyo.

Asiyepata tomatilo na atumie nyanya changa za kijani na maji ya ndimu. Na asiyepata unga wa chokaa asijaribu ule wa ugali, kwani mkate utakatika ukikunjwa, bali afuate desturi ya watu wa kaskazini mwa Meksiko, wanaotumia ngano. Walakini sisi ambao mahindi ni qutu yetu ya kila siku, yatupasa tuitafute ilimu hiyo ya chokaa, kwa kuwa ni nusu ya thamani ya mahindi, nayo haikufuatana na mbegu ilipotufikia.