Hita ya Maji Ikiharibika: Tuitengeneze au Tununue Nyingine?



Wageni kutoka bara hustaajabu waonapo hita ya maji katika nyumba ya Mombasa. Huuliza: kwa joto lote hili, bado mwataka maji ya moto? Hao hawajaamka alfajiri ya mwezi wa Julai, upepo wa kusi ukivuma, wakamwona mzee anavyousogeza mkono kwenye mfereji kwa kusitasita ili atie udhu. Kwa mama yetu mzazi, ambaye viungo vyake vimelemewa na umri, maji ya vuguvugu si anasa. Ndiyo maana hita yetu ilipoharibika mwaka huu, mjadala wa nyumbani haukuwa mdogo.

Hita hiyo ilikuwa ya tangi la lita 50, na ilikwisha tutumikia miaka 9. Katika mwaka wake wa 6 iliacha kupasha maji. Fundi aliifungua akakuta elementi, yaani ule msokoto wa chuma unaopasha maji, umevikwa ganda zito la chokaa hata ukaungua. Aliubadilisha, kazi ikamalizika kabla ya adhuhuri, na gharama yake haikufika robo ya bei ya hita mpya. Uamuzi ule ulikuwa sawa. Kulitupa tangi zima kwa sababu ya kipande kimoja kungekuwa israfu.

Mwaka huu mambo yalikuwa mengine. Tuliona alama ya kutu ikiteremka ukutani, kisha tone, kisha matone. Fundi yule yule alitazama, akagonga tangi kwa kidole, akasema: "Sheikh, hii imekwisha. Nunueni nyingine." Tulimshuku kuwa anatafuta biashara. Tukamwita mwingine, naye akaahidi kuliziba tundu kwa gundi ya chuma kwa pesa chache. Tulifurahi, tukajiona watu wa kubana matumizi.

Katika wiki ya tatu, mama alitoka bafuni akiushika mkono wake, akasema mfereji umemuuma. Tulizima swichi kuu mara moja. Alhamdulillahi, hakudhurika. Ilibainika kuwa maji yaliendelea kuvuja ndani ya kifuniko, yakafika kwenye maungio ya umeme, na waya wa ardhini, ambao kazi yake ni kuupeleka umeme uliopotea mahali salama, ulikuwa umekatika kwa kutu. Usiku ule tulijihisabu nafsi zetu. Tulichokiita kuepuka israfu kilikuwa ubahili, na dini yetu inatutaka tukae kati ya mawili hayo.

Tumeona ni haki tuwaeleze wasomaji tuliyojifunza.

Jambo la kwanza ni kujua kasoro iko wapi. Ikiwa ni elementi, thamostati, vali ya usalama au mpira wa kuzuia maji, hivyo ni vipande, navyo hubadilishwa. Lakini likivuja tangi lenyewe, hakuna tiba ya kutegemewa. Tundu unaloliona nje ni dalili ya kutu iliyokwisha kula ndani, na ukiliziba moja litatoboka jingine.

La pili ni umri pamoja na gharama. Hita ya tangi ikitunzwa hudumu takriban miaka 8 hadi 12. Ikiwa imefikia umri huo, na matengenezo yanakaribia nusu ya bei ya mpya, basi pesa hizo ni afadhali ziende kwenye mpya.

La tatu ni maji yetu. Maji ya mfereji yatokayo Mzima na Baricho hayafiki kila nyumba kila siku, na wengi wetu huchanganya na ya kisima, ambayo mara nyingi yana chumvi. Ndani ya matangi mengi mna fimbo ya magnesi, iliyowekwa makusudi iliwe na kutu kabla ya chuma cha tangi. Ikimalizika, zamu ya tangi huwa imefika. Katika maji ya chumvi humalizika upesi, basi mwambieni fundi aitazame kila mwaka. Sisi, kwa miaka 9, hatukujua hata kama ipo. Na wanunuao zile hita ndogo za bombani waulize dukani aina iliyotengenezewa maji ya chumvi.

La nne, ambalo kwa uzito ndilo la kwanza, ni umeme. Mfereji ukimrusha mtu, hata kidogo, au swichi ikijikata yenyewe kila hita iwashwapo, zimeni, msiitumie tena mpaka fundi wa umeme aikague. Wanafiqhi wametufunza kuwa kuondoa madhara hutangulizwa mbele ya kuleta manufaa. Hapa hakuna hesabu ya nusu wala robo.

Tulinunua nyingine, ya lita 30. Watoto wameoa na kuolewa, na lita 50 hazikuwa na mtumiaji. Kupasha lita 50 kutoka nyuzi 25 hadi 60 hula takriban uniti 2 za umeme. Lita 30 hula kama uniti 1 na robo. Kwa miaka kadhaa tulikuwa tukiwapashia maji watu wasiokuwapo.

Aliyeifunga ni yule fundi wa kwanza. Tulimpigia simu, tukamtaka radhi kwa kumdhania vibaya, naye akasamehe kwa kicheko. Kabla ya kuiwasha alitwita tuutazame waya mpya wa ardhini kwa macho yetu. Asubuhi ya pili mama alitia udhu bila ya kusita.

Mola azihifadhi nyumba zetu na wazee wetu. Amin.