Presha ya Bibi: 120 au 16?

Bibi anaishi mbali na hospitali. Asubuhi anafunga mkanda juu ya kiwiko, anabonyeza kitufe, mkanda unajaa upepo na kulegea taratibu, kisha kioo kinaandika 120. Mashine nyingine, kwa mkono uleule, ingeweza kuandika 16. Hakuna iliyokosea: ya kwanza inahesabu kwa milimita za zebaki, ya pili kwa kilopaskali. Sukari nayo ni hivyo hivyo. Milimoli 5.5 kwa lita ndizo miligramu 99 kwa desilita. Namba ikimfikia daktari bila kipimo, bila saa na bila mwenyewe kujulikana, ni afadhali isifike.

Ndiyo maana sisi tunaounganisha vihisi vya afya tunang'ang'ania viwango huria, yaani makubaliano yaliyowekwa hadharani, ambayo kiwanda chochote kinaweza kuyafuata. Kwa mujibu wa makubaliano ya Bluetooth, kila kipimo cha presha kinachotumwa kwenye simu hutanguliwa na baiti moja ya alama. Biti yake ya kwanza ikiwa 0, namba zinazofuata ni milimita za zebaki. Ikiwa 1, ni kilopaskali. Biti nyingine zinaeleza kama saa imeambatanishwa, na kama mpimwaji ametambulishwa. Simu haibahatishi.

Kutoka kwenye simu hadi faili la mgonjwa, kazi hiyo ya kueleza maana ya namba hufanywa na FHIR, kiwango cha shirika la HL7, pamoja na misimbo ya LOINC: presha ya juu ni 8480-6, ya chini ni 8462-4, iwe Mbeya au Toronto. LOINC ilizaliwa mwaka 1994 katika Taasisi ya Regenstrief, Indianapolis. Wataalamu wa taasisi hiyohiyo, wakihangaikia kumbukumbu za wagonjwa wa VVU huko Eldoret, walishiriki kuanzisha OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za matibabu, mwaka 2004. Mfumo huo leo unaielewa FHIR.

Kifaa kilichofungwa huzungumza na programu ya mtengenezaji wake tu. Muuguzi anabaki kunakili namba kwa mkono, na kampuni ikifunga seva zake, mashine inabaki pambo. Nchini Marekani, wazazi wa watoto wenye kisukari walichoka kusubiri. Mwaka 2013 walianza kufumbua wenyewe mawasiliano ya vihisi vya sukari ili wawaone watoto wakiwa mbali, na hapo ndipo ulipotoka mradi wa Nightscout. Nawaheshimu sana, lakini mzazi hapaswi kuvunja kufuli ili aione sukari ya mwanawe.

Uhuria huu ni wa lugha ya vifaa. Taarifa za mgonjwa zinabaki siri yake na lazima zisafiri zimefumbwa.

Ninyi mnaoandika zabuni za hospitali, viwango hivi viwekeni kwenye masharti ya ununuzi. Kabla ya kusaini, mwambieni muuzaji apime presha mbele yenu, na muione ikiingia kwenye mfumo wenu wenyewe, ikiwa na kipimo chake na saa yake.