Adopsio: Juu ya nini wazazi wa ng'ambo walikwama wakingojea watoto wa Kongo

Hapa Masisi kulea mtoto wa mwingine si jambo la ajabu. Vita ikipita, mtoto anabaki kwa tate, kwa shangazi, ao kwa jirani aliyekutana naye njiani wakikimbia. Hakuna karatasi, na hakuna anayeuliza. Lakini mtu wa ng'ambo akitaka mtoto huyo awe wake mbele ya sheria, hiyo ni adopsio. Hapo karatasi ndizo zinaamua. Mamia ya familia za Ulaya na Marekani walijifunza hayo kwa kungojea, kati ya 2013 na 2016.

Nini kilitokea?

Tarehe 25 Septemba 2013, idara ya uhamiaji, DGM, ilisimamisha ruhusa za kutoka inchini kwa watoto waliopewa wazazi wa kigeni. Bila ruhusa hiyo mtoto hapandi ndege, hata kama tribinali imekwisha kukata neno na viza iko tayari. Serkali ilieleza kwamba ilipata habari za watoto wanaoteswa kule ng'ambo, na wengine wanaopitishwa kwa wazazi wengine. Ilihofia pia karatasi za uongo. Kizuizi kilitangazwa kwa mwaka moja, lakini kiliendelea. Watoto zaidi ya 1 000 walibaki katikati: kwa karatasi walikuwa na wazazi wapya, lakini hawakuweza kuwafuata.

Waliishi namna gani?

Wazazi wengine walihamia Kinshasa. Kukaa huko kulimaanisha kulipa nyumba kwa dola, kuangalia siku za viza, kuzoea umeme unaokatika, na kumtunza mtoto akishikwa na malaria. Mara nyingi mama alibaki na mtoto, baba akarudi kwao juu ya kazi na watoto wengine.

Mwisho wa 2013, familia zaidi ya 20 za Italia zilikuwa Kinshasa, zikitumaini kurudi na watoto kabla ya Noeli. Siku zilipita, na wengi wakarudi bila watoto mwanzoni mwa 2014. Ni tarehe 28 Mei 2014 tu ndipo watoto 31 walifika Italia kwa ndege ya serkali ya inchi hiyo, pamoja na waziri Maria Elena Boschi.

Wale wasioweza kuacha kazi walituma feza kwa kituo cha yatima ao kwa familia iliyomlea mtoto. Walimuona akikua katika picha. Mtoto aliyeachwa bado hajatembea alikuwa anakimbia. Mlango ulianza kufunguka Novemba 2015, serkali ilipokubali mafaili ya kwanza. Mengine yalifuata mwanzo wa 2016.

Tatizo liko wapi?

Sheria yetu ya familia ya 1987 inasema mtoto wa adopsio anaingia katika familia mpya, lakini hakatwi kwa ile aliyozaliwa ndani. Katika inchi nyingi za Ulaya na Marekani, adopsio inakata kabisa. Basi mzazi wa hapa anaweza kufikiri mtoto anaenda kusoma na atarudi, kumbe kwa sheria ya kule amekwisha kuwa wa wengine.

Na si kila anayeitwa yatima ni yatima. Uchunguzi wa Ubelgiji ulionyesha kwamba wazazi wa upande wa Gemena walitoa watoto wakiamini wanaenda Kinshasa kwa likizo. Mwaka 2015 watoto hao walifikishwa Ubelgiji kama yatima. Wazazi wao walikuwa hai.

Ndiyo maana inchi jirani zimeweka kungojea ndani ya sheria yenyewe. Uganda, tangu 2016, mgeni anapaswa kuishi kule mwaka moja na kumlea mtoto kwanza. Tanzania, sheria ya 2009 inataka miaka mitatu mfululizo. Muda huo unasaidia kujua kama mtoto ana jamaa, na kama huyo mgeni ni mtu wa kweli.

Na hapa Kibabi?

Hapa watu wamekimbia mara nyingi, na watoto wengi hawajaandikwa eta sivil. Mtoto bila karatasi ni rahisi kuitwa yatima. Mtu akija kuomba mtoto, hata akiahidi masomo ao chakula, muulize: anatumwa na nani? Anampeleka wapi? Mtoto atarudi lini? Usitie kidole kwenye karatasi usiyosomewa kwa luga unayosikia. Ni tribinali ndiyo inatoa adopsio, hapana mtu wa kituo wala mpita njia.

Ukimpokea mtoto aliyepotea, mjulishe shefu wa kijiji na watu wa Msalaba Mwekundu, wanaotafuta jamaa bila malipo. Andika jina lake, la wazazi kama analikumbuka, na kijiji alikotoka. Mama anayetafuta mtoto wake kambini atahitaji hayo siku moja.