Ijue pikipiki yako kabla hujanunua spana

Na Mwandishi Wetu

ILIKUWA Jumapili asubuhi katika mtaa wa Airport, Changamwe, wakati ambapo majirani wengine walikuwa wakijiandaa kwenda kanisani na wengine bado wakinywa chai. Kijana mmoja alikuwa amechuchumaa uani mwa nyumba yao, mbele ya pikipiki yake ya bodaboda. Kando yake palikuwa na sanduku la chuma lililopauka rangi. Lilikuwa sanduku la marehemu baba yake, aliyekuwa fundi wa mitambo bandarini miaka mingi iliyopita.

Kijana huyo alitaka kumwaga oili chafu mwenyewe, badala ya kumlipa fundi kila mara. Alichagua spana moja, akaijaribu kwenye bolti iliyo chini ya injini, akaona inaingia. Haikukaza sawasawa, lakini iliingia. Akachomeka kipande cha bomba mkiani mwa spana ili apate nguvu zaidi, akavuta. Spana iliteleza, vidole vyake vikagonga chuma, na kichwa cha bolti kilichokuwa na pembe sita kikakaribia kuwa duara.

Badala ya kukoma hapo, aliigonga ile bolti kwa patasi na nyundo mpaka ikatoka. Alipoirudisha aliikaza kwa hasira. Naye alisahau kwamba tumbo la injini si chuma kigumu bali ni aluminiamu. Nyuzi zilizo ndani zikakatika, na oili mpya aliyoinunua ikaishia mchangani.

Pikipiki hiyo ililala siku nne ikisubiri mchonga vyuma. Siku nne kwa mwenye bodaboda ni siku nne bila unga, bila nauli ya watoto ya shule na bila pesa za kulipia mkopo, kwani pikipiki yenyewe ilikuwa bado haijalipwa yote.

INCHI NA MILIMITA

Fundi mmoja mzee aliyepelekewa kazi hiyo alilifungua lile sanduku, akazitazama spana moja baada ya nyingine.

"Mwanangu, spana hizi ni nzuri kushinda nyingi nilizo nazo mimi," alisema. "Babako alijua kununua."

"Sasa mbona imeteleza, mzee?" kijana aliuliza.

"Kwa sababu ni za inchi. Pikipiki yako ni ya milimita."

Msomaji, hilo ndilo jambo la kwanza kulijua kabla hujatoa hata shilingi moja. Zamani mitambo mingi iliyoletwa hapa kwetu ilitoka Uingereza, na nati zake zilipimwa kwa inchi. Pikipiki nyingi zilizofurika nchini baada ya serikali kuondoa kodi ya VAT kwa zile za chini ya 250cc mwaka 2008 zimetoka India na China, na vipimo vyake, kama vya pikipiki za Kijapani, ni milimita.

Hatari ni kwamba vipimo hivyo viwili hukaribiana mno. Spana ya inchi 11/16 ina upana wa milimita 17.46. Itaingia vizuri kwenye bolti ya milimita 17, lakini huacha mwanya wa karibu nusu milimita. Ukivuta kidogo huoni tofauti. Ukivuta kwa nguvu, spana hukamata ncha za pembe tu, nazo hulika. Basi tazama nambari iliyopigwa kwenye spana. Ukiona sehemu kama 1/2 au 9/16, hiyo si ya pikipiki yako.

ANZIA CHINI YA KITI

Wengi wetu tukiamua kuwa na vifaa nyumbani hukimbilia yale masanduku makubwa ya plastiki yenye vipande mia moja na zaidi, yanayong'aa dukani. Aghalabu nusu ya vipande hivyo hutavigusa maishani, na nusu nyingine ni vya chuma laini kinachopinda. Afadhali spana sita zilizo imara kuliko sitini za mapambo.

Kabla ya kwenda dukani, fungua kiti au kifuniko cha ubavuni cha pikipiki yako. Pikipiki mpya kwa kawaida huja na kijifuko chenye spana ya plagi, spana mbili tatu na bisibisi. Vifaa hivyo si vya kazi nzito, lakini vinakuonyesha mtengenezaji alidhani utahitaji nini. Kisha chukua daftari, pitia nati utakazofungua mwenyewe, uandike vipimo vyake: bolti ya kumwagia oili, nati za ekseli ya gurudumu la nyuma, nati za kukazia cheni, nati ya breki na vichwa vya betri. Daftari hilo ndilo litakalokwenda nawe dukani.

VYA KUNUNUA

Vifaa vifuatavyo vitamtosha anayeanza:

Kwanza, spana zenye mdomo wazi upande mmoja na duara upande wa pili. Kwa pikipiki ndogo nyingi, vipimo vinavyohitajika viko kati ya 8 na 19. Nunua vile ulivyoviandika tu. Unapolegeza nati iliyokaza, tumia upande wa duara, kwani huo hushika pembe zote. Mdomo wazi ni wa kumalizia.

Pili, spana za T za milimita 8, 10 na 12, zile zenye mkono wa kushikwa kama usukani. Hufika pahali pembamba, na kwa kuwa mkono wake ni mfupi, si rahisi kukaza kupita kiasi.

Tatu, bisibisi mbili za nyota, ndogo na kubwa, na moja bapa. Bisibisi isiyojaa kwenye msalaba wa skrubu huula msalaba huo.

Nne, spana ya plagi inayolingana na plagi yako, brashi ndogo ya waya, na fila geji ya kupimia mwanya wa plagi. Mwanya huo kwa pikipiki nyingi ndogo ni kati ya milimita 0.6 na 0.8, lakini fuata kitabu cha pikipiki yako.

Tano, pampu na kipimo cha upepo. Tairi laini huharibika upesi na hunywa petroli. Usipime kwa kulipiga teke.

Sita, koleo. Koleo ni la kushika na kuvuta waya na pini. Si la kufungulia nati, na anayelitumia hivyo hujitengenezea kazi ya kesho. Spana ya kurekebisha mdomo nayo iache iwe ya dharura tu.

Ongeza hapo brashi ya cheni, kikopo cha oili, mafuta ya taa kidogo, matambara na karai la kukingia oili chafu. Mama watoto atakubaliana nami hapa: sufuria ikishaingia oili ya injini isirudi jikoni tena, hata ikisuguliwa namna gani.

KAZI ZA NYUMBANI NA ZA FUNDI

Ukiwa na vifaa hivyo unaweza kubadilisha oili, kusafisha plagi na chujio la hewa, kurekebisha waya wa klachi, na kutunza cheni.

Cheni isiwe kama uzi wa gitaa wala isiwe kama kamba ya kuanikia nguo. Ishike katikati, sehemu ya chini, uipandishe na kuishusha. Kwa pikipiki nyingi ndogo inatakiwa icheze kama milimita 20 hadi 30. Zungusha gurudumu ujaribu pahali kadhaa, kwa sababu cheni hailegei sawa kote. Ukiirekebisha, hakikisha alama za upande wa kushoto na wa kulia zinalingana, la sivyo gurudumu litakaa upande.

Baada ya hapo kaza nati ya ekseli, urudishe pini yake ikiwapo, kisha ujaribu breki uani. Usingoje kuijaribu barabarani mbele ya malori ya makontena yanayotoka Kilindini. Nati ya ekseli iliyosahauliwa haisamehi, na nyuma yako kuna mtoto wa mtu.

Kwa upande mwingine, breki za mafuta, beringi za magurudumu, vali na kufungua injini mwachie fundi. Kujua mpaka wako nako ni ufundi. Isitoshe, anayejua kazi ndogo humweleza fundi tatizo vizuri, wala hadanganywi kirahisi.

CHUMVI YA BAHARI

Sisi wa Pwani tuna adui mwingine. Upepo wa baharini una chumvi, na spana iliyoachwa sakafuni usiku kucha huanza kushika kutu upesi. Kila ukimaliza kazi, pangusa vifaa kwa tambara lenye oili kidogo, uvifunge ndani ya turubai au bati lenye kifuniko. Viweke mbali na watoto wadogo. Walio wakubwa, wavulana kwa wasichana, waite watazame na washike spana. Siku moja watashukuru.

Nayo oili chafu usiimwage mtaroni. Maji ya mvua huichukua mpaka kwenye mikoko ya Port Reitz, tunakopata samaki na kaa. Itie kwenye mtungi uifunge, umpelekee fundi au gereji wanaoikusanya.

Yule kijana wa Airport sasa ana mfuko wa turubai wenye vifaa visivyofika kumi na viwili. Alivinunua kidogo kidogo, spana moja au mbili kila wiki, daftari mkononi. Tangu hapo hubadilisha oili mwenyewe.

Lile sanduku la baba yake hakulitupa wala hakuliuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Spana za inchi amezifunga kwa waya pamoja, zikabaki humo kama kumbukumbu. Lakini nyundo, faili na koleo la mzee bado vinafanya kazi kila Jumapili. Hivyo havina inchi wala milimita.